Kiazi Kilichoniumbua

Najua wengi wenu mkifungua gazeti hili la chama chetu mnatarajia kisa cha ajali, cha ndoto au cha msichana aliyerubuniwa na fisadi mwenye gari. Mimi leo nimewaletea kisa cha vijinzi. Tafadhali msicheke. Vijinzi hivyo ninavyovitaja vilinikosesha masomo siku nne na vikamharibia jina kijana wa watu, na aliyevifuga hakuwa mwingine ila mimi mwenyewe.

Kwetu ni hapa hapa Voi. Mama alikuwa akifanya kazi ya usafi katika hoteli moja ya watalii huko mbugani Tsavo. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipobisha hodi, watalii walitoweka kama umande na hoteli ikafungwa. Mama alirudi nyumbani na begi la nguo na ndoo moja. Ndani ya ndoo mlikuwa na vipandikizi sita vya maua alivyoruhusiwa kukata kwenye vyungu vya hoteli. Baba alipoviona aliuliza, "Ndio mshahara wa mwisho huo?" Mama hakujibu. Alivipanda katika makopo ya rangi.

Vipandikizi hivyo sita vilizaana hata sebule yetu ikawa msitu. Kufikia mwaka jana tulikuwa na vyungu zaidi ya arubaini, ukihesabu na mitungi iliyokatwa. Kulikuwa na begonia, kulikuwa na mmea ule utambaao wenye majani mfano wa moyo ambao wateja wote huuita moni-planti, kulikuwa na ile ya majani marefu magumu kama panga, jamii moja na mkonge wa mashamba ya hapa kwetu. Tena kulikuwa na vayoleti za Kiafrika, vijiua vya zambarau ambavyo Mama huvipenda kuliko vyote. Mwalimu wetu wa Baiolojia aliwahi kutuambia kwamba mama yao vayoleti hizi zinazouzwa dunia nzima alitoka milima ya Usambara, Tanzania, na kwamba ndugu yao mmoja anaota porini katika msitu wa Mbololo, juu ya hii milima yetu ya Taita. Wazia! Wazungu wanazipanda madirishani huko kwao, na sisi tuliozaliwa chini ya mlima hatuna habari.

Kazi ya kunywesha maua ilikuwa yangu. Wenzangu darasani walipojua walinibandika jina, "Mama Maua". Nilijifanya sisikii. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiipenda kazi ile. Voi ni joto, nanyi mnajua. Bomba kubwa la maji ya Mzima linapita kwetu kwenda Mombasa, lakini mferejini kwetu maji huja siku yanapojisikia, kwa hiyo tulikuwa tukinunua mtungi wa lita ishirini kwa shilingi ishirini. Mimi nikiona udongo umekauka juu, roho inaniuma. Nilimwagia asubuhi kabla ya kwenda shule, nikamwagia tena jioni nikirudi. Visahani vya chini vilijaa pomoni. Nilidhani hiyo ndiyo bidii.

Nilikuwa Kidato cha Pili, muhula wa pili, Mama alipopata bahati. Ofisi moja hapa mjini ilikodi vyungu kumi na viwili kwa shilingi mia tatu kila kimoja kwa mwezi. Piga hesabu, ni 3,600. Mama alisema, "Hii ni karo yako, mwanangu, usiichezee." Mimi kwa kutaka kumpendeza, nikawa napitia pale ofisini kila jioni na chupa zangu za maji, askari wa mlangoni akinifungulia.

Wiki ya tatu simu ikalia. Alikuwa karani wa ile ofisi. Mama aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na udongo, basi sote tukasikia. "Mama, kujeni mchukue maua yenu. Leo mkubwa amekunywa chai yenye nzi mara mbili. Ati anauliza kama mnataka tupate malaria hapa."

Tulienda. Lahaula! Ukigusa chungu, vijinzi vyeusi vyembamba vinafumuka kama moshi. Vilikuwa vidogo, milimita mbili au tatu hivi, na miguu mirefu kama ya mbu. Haviumi wala havileti malaria, lakini nani angetusikiliza siku ile? Makarani walikuwa wamesimama mlangoni wakitutazama tukibeba vyungu vyetu kimoja kimoja. Jasho lilinitoka kwa aibu. Tulipofika nyumbani ndipo tukafumbuka macho, kumbe hata kwetu vilikuwepo, ila tulikuwa tumevizoea.

Pesa za mwezi ule hatukulipwa. Wiki iliyofuata majina ya wenye salio la karo yalisomwa gwarideni, nami nikabeba mkoba wangu nikarudi nyumbani. Nilikaa siku nne.

Sasa, maji yakizidi unga mtu hutafuta wa kumlaumu. Mwezi mmoja kabla ya mkasa ule, Mama alikuwa amenunua magunia mawili ya mbolea ya mbuzi kutoka kwa kaka mmoja wa mkokoteni, jirani yetu. Kaka huyo ana miaka ishirini hivi, anaishi na nyanya yake mgonjwa, na mkokoteni ndio shamba lake na ndio ng'ombe wake. Mama alimwita uani.

"Mbolea gani hii uliyoniletea? Imejaa funza! Umenimaliza!"

"Mama, ni mbolea kavu, nimeitoa zizini kwa mzee yule yule wa siku zote," kaka alisema, kofia mkononi.

Mama hakutaka kusikia. Shilingi mia tano alizobaki akimdai hakumpa. Kibaya zaidi, Jumapili yake kwenye chama cha akina mama, aliwaonya wenzake wasinunue kwake. Wawili waliokuwa wateja wake wakaacha. Mimi nilikuwepo uani siku ile kaka akigombezwa. Niliona haya kidogo, lakini nikasema moyoni, si ni kweli? Mbolea ndiyo iliyoingia na vijinzi vikafuata.

Tukaanza vita. Kwanza ilikuwa dawa ya mbu ya kopo. Mama alipuliza sebule nzima usiku, vijinzi vikaanguka, dada yangu mdogo akakohoa mpaka alfajiri. Kesho yake jioni vijinzi vingine vipya vikawa vinatembea juu ya udongo kama vyenye hati ya nyumba. Halafu jirani akasema jivu. Tulimwaga jivu la makaa juu ya vyungu vyote. Nikalimwagia maji kama kawaida yangu, likashikana kama simiti, na begonia mbili zikageuka rangi ya manjano. Jivu sitaki kulisikia tena.

Niliporudi shule nilimfuata mwalimu wa Baiolojia maktabani. Nilikuwa na vijinzi vitatu ndani ya kichupa cha dawa. Alivitazama kwa lenzi, akaniambia ni visubi vya kuvu. Alinieleza mambo ambayo hakuna aliyekuwa ametueleza. Yule anayeruka si adui mkubwa, yeye huishi wiki moja hivi tu. Lakini katika wiki hiyo jike anaweza kutaga mayai mia moja mpaka mia mbili kwenye udongo wenye unyevu. Mayai yanaanguliwa kwa siku chache, vifunza vinatoka na kukaa katika udongo wa juu juu, sentimita chache tu, kwa muda wa wiki mbili hivi, vikila kuvu, majani yaliyooza na vimizizi laini. Halafu vinakuwa mabuu yaliyotulia kwa siku chache, kisha vinaruka. Mzunguko wote ni kama wiki tatu au nne. "Wewe ukipuliza dawa hewani," alisema, "unawaua wazee ambao wameshaacha watoto chini."

Nikamuuliza, "Na mbolea, Mwalimu?"

Hakunijibu. Aliniambia nikanunue viazi.

Jaribio lenyewe ni rahisi, hata mtoto wa chekechea anaweza. Unakata kiazi kibichi vipande vya unene wa kidole, unakilaza kipande juu ya udongo, upande uliokatwa ukiangalia chini. Unakiacha siku mbili. Vifunza vinapenda kiazi kuliko mzizi, vinapanda kuja kula. Ukikigeuza unavihesabu. Mwalimu akanisisitizia nisiviwekee vyungu vyenye mbolea peke yake, niweke na visivyo na mbolea, la sivyo nitaona ninachotaka kuona.

Ijumaa jioni nikachagua vyungu kumi na viwili. Vinne vilikuwa na mbolea ya yule kaka, nami nilikuwa nikivimwagilia mara mbili kwa siku. Vinne vilikuwa vya zamani, havijawahi kuonja mbolea hiyo, navyo pia nikivimwagilia mara mbili. Vinne vya mwisho vilikuwa vile vya majani ya panga. Hivi vilitiwa mbolea ile ile, siku ile ile, kutoka gunia lile lile. Tofauti ni kwamba Mama alikuwa amenikanya nisivimwagilie ila Jumamosi, maana huoza.

Jumapili baada ya kanisa nikageuza viazi. Vifunza vyenyewe havifiki urefu wa punje ya mchele. Ni vyeupe, unaweza kuona ndani ya matumbo yao, na vichwa ni vyeusi ving'aavyo. Kundi la kwanza nilihesabu vifunza 23. Kundi la pili, lile lisilo na mbolea, 19. Kundi la tatu, hakuna. Nikarudia kugeuza. Sufuri. Kiazi kikavu, safi, kama kimetoka sokoni.

Nilikaa chini sakafuni. Kama kosa lingekuwa la mbolea, kundi la tatu lingejaa na kundi la pili lingekuwa tupu. Kitu kimoja tu kiliyaunganisha makundi mawili yenye vifunza, nacho kilikuwa mkono wangu na kopo la maji. Hata ile ofisi, chai ya mkubwa, simu ya karani, karo, yote niliibeba mimi jioni baada ya jioni ndani ya chupa.

Nilifunga daftari. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikimbia kumwambia Mama. Sikukimbia. Alikuwa jikoni akikuna nazi huku akiimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nyingi, nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake, Jumatatu, nikitoka shule nilikutana na yule kaka karibu na soko. Mkokoteni ulikuwa mtupu. Alisimama akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake, akaniuliza, "Mama ameshaacha kukasirika?"

Nikamjibu, "Bado."

Akasema, "Haya, msalimie," akasukuma mkokoteni wake. Usiku huo sikupata usingizi.

Jumanne usiku nililiweka daftari mezani mbele ya Mama, nikafungua ukurasa. Nilimweleza makundi matatu. Mama hakusoma mbali, lakini hesabu anazijua. Aliutazama ukurasa ule muda mrefu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kofi au kwa matusi. Aliuliza tu, "Nani alikwambia umwagie mara mbili?"

"Wewe Mama ulisema nisiache yakauke."

"Nilisema yasikauke. Sikusema yaogelee." Halafu akanyamaza tena. Baadaye nikamsikia akisema, si kwangu, "Na yule mtoto wa watu."

Tiba yenyewe haikutugharimu pesa, tena ilituokolea. Kwanza tuliacha maji. Nilifundishwa kutia kidole mpaka kiungo cha pili, ukikuta unyevu, huna ruhusa. Siku za kwanza nilikuwa kama mlevi aliyenyimwa tembo, nilizunguka na kopo tupu. Ilipofika zamu ya chungu kunywa, nilikiweka ndani ya beseni lenye maji kidogo, kikanywa kwa tundu za chini kwa nusu saa, kisha nikakitoa na kumwaga yaliyobaki. Juu hubaki pakavu, na pakavu visubi havipendi kutaga. Visahani nilivikausha vyote. Vyungu vitatu nilikuta tundu zake zimeziba kabisa, ukivipindua vinanuka kama kinamasi.

Pili, mchanga. Mto Voi ukikauka huacha mchanga mweupe mzuri. Nilichukua debe moja, nikauosha, nikauanika juani siku mbili, nikatandaza juu ya kila chungu unene wa sentimita moja au zaidi kidogo. Vijinzi vikishuka hukuta jangwa.

Tatu, mtego. Mwalimu alisema visubi hivi huvutwa na rangi ya manjano. Watu wa mbali hununua kadi za gundi, sisi tulikuwa na mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia uliopasuka. Niliukata vipande vya ukubwa wa kiganja, nikavipaka mafuta ya mgando, nikavichomeka kwa vijiti. Usiku wa kwanza vilinasa 61. Dada yangu alifurahi, akawa ndiye karani wa kuhesabu.

Nne, mwarobaini. Tunao mmoja uani. Wazee wa Pwani huuita hivyo kwa kuwa husemwa hutibu maradhi arubaini. Kumbe la visubi lilikuwa limebaki nje ya hesabu. Nilitwanga majani, nikayaloweka usiku kucha, nikachuja, na mara moja kwa wiki nikawa namwagia udongo kidogo badala ya maji ya kawaida. Dawa iliyomo huwazuia vifunza kukua vikawa vijinzi. Uchungu wake usiseme, na harufu ilikaa vidoleni mpaka wenzangu wa dawati wakahama.

Mwalimu alitaja pia bakteria mmoja aliyegunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negevi, Israeli, ambaye huua viluwiluwi vya mbu na vifunza vya visubi bila kumdhuru mtu wala kuku. Niliuliza katika maduka mawili ya pembejeo mjini. Muuzaji mmoja aliniuliza kama ninataka dawa ya kupe.

Wiki ya pili nilikaribia kukata tamaa. Mitego ilishuka mpaka 40, halafu ghafla ikapanda 47. Mama akasema, "Si unaona?" Nilimwonyesha hesabu ya Mwalimu: hao walikuwa vifunza tangu zamani, sasa ndio wanatoka. Tukaendelea. Wiki ya tatu zilikuwa 15. Wiki ya tano, mbili. Kiazi nilichokiweka mwisho wa mwezi kilitoka bila funza hata mmoja, na maji tukawa tunanunua mtungi mmoja kwa siku nne badala ya mitatu kila siku. Vayoleti mbili zilizokuwa zimenyongea zilitoa maua. Ile ofisi haikutuita tena mpaka leo. Mama alipata nyumba moja ya wageni iliyochukua vyungu vinane, karo ikalipwa kwa kuchelewa.

Limebaki la yule kaka. Jumapili iliyofuata, kwenye chama, Mama alisimama kabla ya michango kuanza. Nilikuwa nimemsindikiza kubeba viti, nikamsikia. "Ile mbolea niliyowaambia haikuwa na kosa," alisema. "Kosa lilikuwa kwangu nyumbani." Hakunitaja. Mama mmoja akacheka, wengine wakatazama chini.

Jioni tulimpelekea kaka zile mia tano. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante Mama, yameisha." Wale wateja wawili, mmoja amerudi kwake, mwingine alishapata mwuzaji mwingine. Mbolea hutuletea mpaka sasa, lakini huishusha nje ya lango, haingii tena uani kama zamani, na Mama kila mara humwita aingie anywe chai.

Hajawahi kuniuliza nilijua lini. Gazeti hili hupita mikono mingi mjini, huenda nalo likamfikia. Basi kaka, siku ile karibu na soko uliponiuliza nami nikakujibu "Bado", nilikuwa nimejua tangu Jumapili.